Simenti Juu ya Lenga-lenga

Ni mimi niliyemwaga simenti katika kiwanja chetu, mtaa wa Kikula. Sikumuuliza mtu. Nilikaa shuleni miaka mitatu, nikachimba mawe ya shaba, nikafungua duka, nikajenga. Nani angenifundisha kitu? Bustani ya bibi yangu, mama wa watoto wangu, yenye lenga-lenga, huo mchicha wetu, na matembele yaliyolishwa maganda ya jikoni, niliiona aibu. Mwenye duka anakula majani ya nyuma ya nyumba? Nikaleta makopo, soseji za katoni, tambi za pakiti, vidonge vya mchuzi. Maganda yakaisha. Shimo la taka likajaa sashe za plastiki zisizooza.

Miaka ikapita hivyo, mpaka bibi yangu akaanguka kanisani. Nesi akasema ni tansiyo, damu inapanda. Vya makopo na vidonge vya mchuzi aache, ale majani. Ya sokoni aliyakataa, hakujua yamemwagiliwa maji gani, na mji huu una maji ya migodi ya kila rangi.

Nikatoa baramini, mtaimbo wangu wa zamani wa kuchimbia. Yeye alikaa mlangoni akiniangalia.

"Baba ya batoto, ni weye mwenyewe ulimwanga simenti. Nililia, ukasema weye ni mukubwa."

"Nyamaza, mama. Nitavunja."

"Na mugongo kani, we muzee?"

Siku tatu, nikafungua nafasi ya kitanda kimoja. Udongo wa chini ulikuwa mweupe kama majivu, hauna hata nyungunyungu.

"Udongo unataka maganda," akasema.

Maganda yatoke wapi? Nyumba yetu haikuwa inamenya kitu tena. Basi nikabeba beseni, mimi na mvi zangu, nikabisha kwa majirani ambao bado wanamenya mihogo. Mama mmoja alicheka mpaka akashika ukuta, akidhani nimeanza kufuga nguruwe.

"Patron! Iko na ngulube sasa?"

"Ngulube njo miye, mama. Leta."

Nilizunguka na lile beseni mpaka mvua zikaja, tukapanda. Lenga-lenga ya kwanza ilikuwa miche michache, mifupi. Bibi yangu aliipika kwa nyanya na mafuta kidogo, bila kidonge, akasonga bukari, ugali wetu. Tukakaa kula. Mdomoni mwangu ilikuwa kama kutafuna karatasi; ulimi wangu ulikuwa umeshazoea vya pakiti, na sikuweza kuudanganya. Yeye alikula upesi, akafuta sahani kwa bukari, akatazama kwenye sufuria. Hakukuwa na kitu.

Nikamsukumia sahani yangu.