Mama Jirani na Dume Aliyeitwa Shefu

Sogea karibu, ndugu yangu, chai ingali na moto. Wiki iliyopita, huko Mulekera, mtu alinionyesha kondoo wake wasiozaa, kisha akautupia ua wa jirani jicho la shaka. Jicho lile nalijua. Nililiona kwa nyanya yangu, kule Mususa, nikiwa msichana wa miaka tisa.

Nyanya alikuwa na kondoo majike watatu na madume wawili. Dume mkubwa tulimwita Shefu, yaani mkuu. Yeye ndiye aliyekunywa maji kwanza, na yule mdogo akithubutu kumkaribia jike, alipigwa pembe mpaka akajibanza uani.

Msimu mmoja hakuzaliwa hata mwana-kondoo mmoja. Wa pili, vilevile. Nyanya akaamua majike waende sokoni, maana ni tasa. Lakini nani aliwafanya tasa? Akamkumbuka mama jirani, ambaye kila asubuhi alikuja kuomba kaa la moto na kukaa hadi maharagwe yachemke. Aliwahi kusema, "Kondoo zako ni nzuri sana, mama." Nzuri sana! Kwa nyanya, sifa hiyo ilikuwa kijicho. Tangu hapo tulimwambia moto umezimika, hata moshi wa mkaratusi ukipaa juu ya nyumba. Kila jioni nilifagia udongo mbele ya zizi uwe laini, ili asubuhi nyanya asome nyayo.

Siku moja yenye ukungu akazikuta: sandali za mpira wa gari, ya kushoto imekatika kisigino. Sote tulimjua mwenyewe.

"Unatafuta nini mu zizi yangu?" nyanya alipaza sauti kuelekea kwa jirani, njia nzima ikasikia.

Jirani akaja mbio: "Ni miye, sikatae. Nilikuja kuangalia uyu dume. Unataka kuuzisha bamama ba kondoo bure."

Akaingia zizini, akamshika Shefu, akapitisha mkono kati ya miguu ya nyuma. Sisi watoto tukafunika macho kwa vidole vilivyoachana.

"Haya hauna?" nyanya akamuuliza.

"Haya itatuletea batoto? Leta mukono yako."

Nyanya akapapasa, huku akimkazia macho jirani. Korodani moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikuwa imevimba, ina mafundo.

Nikueleze taratibu. Dume mwenye ugonjwa huo huenda akaendelea kupanda na kutawala, ila mbegu yake haina nguvu. Na kwa kuwa hampi mwenzake nafasi, zizi zima hukosa watoto.

"Labda anatamani nyama ya Shefu," nyanya alininong'oneza. Hata hivyo akamfunga mbali, majike wakabaki na yule mdogo. Miezi sita haikuisha, tukapata wana-kondoo wanne.

Mmoja nyanya alimpelekea jirani kwa mikono miwili. Alipokea, akashukuru. Lakini hakurudi tena kuomba moto. Akiwa na neno, alilisema kutoka barabarani, na akikaribishwa alijibu: "Sitaki kukanyaga udongo yenu ya kusomea nyayo."

Leo pale zizini ni karakana ya pikipiki, na wazee wale wawili wamelala makaburini. Wana-kondoo tulipata wengine wengi. Yule mgeni wa asubuhi hatukumpata tena.

Kwa hiyo, kondoo wako wakipitisha msimu bila kuzaa, mkamate dume kwanza. Papasa korodani zote mbili, polepole: ziwe sawa, ziwe imara, zisiwe na uvimbe wala fundo. Ukikuta tofauti, mtenge siku hiyohiyo, umwite daktari wa mifugo.