Mwalimu Aliyekataa Maharagwe

Saa moja kasorobo, asubuhi ya Jumamosi, mtaani Beu hapa Beni, mashariki ya Kongo, Madamu Julie Biira anapaka ubao wake rangi. Ubao wenyewe ni mlango wa zamani uliong'olewa bawaba. Rangi ni unga mweusi wa betri kuukuu za redio, uliotwangwa pamoja na majani ya muhogo. Anapaka kwa kitambaa, polepole, na mikono yake imekuwa myeusi hadi viwikoni.

Jumamosi hakuna masomo. Anapaka leo kwa sababu, anasema, wakimfukuza hataki mwalimu mwingine aje akute ubao mchafu.

Saa tatu komite ya wazazi itakaa humu humu, kwenye hangari hii iliyokuwa ghala la kahawa, kuamua jambo moja tu: aendelee kufundisha Kiingereza, au arudi kwao Uganda.

Julie ana miaka arobaini na mitatu. Kwao ni Bwera, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, kwa Wakonzo. Mkonzo wa kule na Mnande wa huku ni ndugu, hilo halihitaji mwalimu. Mlima Ruwenzori wanautazama kutoka pande mbili, na "wasingya" ni asante Bwera kama ilivyo asante Beni. Lakini tangu mwaka 1998 ng'ambo hiyo hiyo imetuletea pia askari, na malori yao yanapita barabarani hapo nje kila siku ya Mungu. Undugu umeingia doa.

Alifika Septemba mwaka jana, 2001, akiwa na begi moja na kikapu. Hakutumwa na shirika wala na kanisa. Hana mshahara.

Sababu yake anaieleza bila kupandisha sauti. Miaka mitano iliyopita vita vilipiga miteremko ya kwao, naye akakimbilia huku Kongo na mtoto wake wa mwisho mgongoni, mgonjwa wa homa. Mtoto alifia njiani, karibu na Mutwanga. Mwanamke mmoja asiyemjua alimpa kitenge cha kumfungia, akamwonyesha nafasi ndani ya shamba lake la migomba.

"Nilizika mutoto kwa shamba ya mutu mwenye hapana kunijua," anasema. "Hata jina yake sikuuliza. Nikasema siku moja nitarudi kufanya kitu."

Kitu alichokuwa nacho ni Kiingereza, na miaka kumi na sita ya kusimama mbele ya darasa.

Direktere wa shule hii ya wakimbizi wa vijijini, Salomon Maliro, alimpokea kwa mikono miwili. Wazazi nao walifurahi. Nani asiyejua kwamba wafanyabiashara wa Butembo wanafika Kampala, na wengine hadi Dubai? Mtoto anayejua Kiingereza hakosi nafasi kwenye lori la mtu. Baada ya wiki sita darasa lilikuwa na watoto sitini na wawili, wamekaa juu ya mawe na magogo.

Chaki haikuwepo. Julie aliandikia vipande vya muhogo mkavu. Wiki ya kwanza aliacha vipande vitano mezani, akatoka kidogo kuongea na Direktere. Aliporudi alikuta vumbi jeupe mezani, na watoto midomo myeupe. Hakuuliza. Kesho yake alileta vipande vingi zaidi, vidogo vidogo, akaviacha tena.

Moyo huo huo ndio uliomponza.

Kwetu huku serikali imeacha zamani kumlipa mwalimu. Mzazi ndiye serikali. Na kwa mzazi aliyekimbia kijiji chake na sufuria kichwani, malipo ni maharagwe: kila Jumamosi, kopo moja kwa kila nyumba. Yanapikwa pamoja uani, walimu wanakula kwanza, wazazi wakiwatazama, kisha kinachobaki kinagawanywa. Kule kutazama ndiko kwenye maana. Mwalimu aliyekula sufuria ya wazazi ni wao. Wanaweza kumgombeza, na siku mbaya ikija wanaweza kumtetea.

Julie alikataa.

"Niliona mbavu za batoto," anasema. "Nikasema mimi nitajitafutia, hii mukule ninyi."

Alidhani anatenda wema. Mwandishi wa habari hizi angefanya vivyo hivyo, na angekosea vivyo hivyo.

Alikuwa akila kwenye chumba chake nyuma ya nyumba ya Direktere, mara moja kwa siku, mlango umefungwa. Alichokula ni muhogo mkavu wa kuchemsha, ule ule wa chaki. Alifunga mlango kwa aibu, maana watoto walipita pale wakitoka kisimani na hakutaka waone chakula ambacho hawezi kuwagawia wote. Lakini mlango uliofungwa wakati wa kula, kwetu huku, una maneno yake.

Paulin Kambere, mwenyekiti wa komite, anasafirisha mizigo kwa baiskeli kati ya Beni na Oicha. Ni mtu wa maneno machache na hayamung'unyi.

"Tulijiuliza," anasema. "Mutu mwenye hapana kula ya bazazi, anakulaka ya nani? Na huyu anatoka kule askari banatoka. Donc, basi?"

Novemba, kwenye kizuizi cha barabarani, watu wenye silaha walimchukua mdogo wake Paulin. Hajaonekana hadi leo. Jana yake, kijana huyo alikuwa amepita shuleni kumchukua mwanawe, akamsalimu Madamu Julie mlangoni, wakasemezana maneno mawili matatu ya Kinande. Ikawa hiyo tu, na ilitosha watu kunong'ona kwamba mwalimu ndiye aliyemtaja. Wiki ilipoisha, darasa la watoto sitini na wawili lilibaki na kumi na mmoja.

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyetupa jiwe. Watu waliondoa watoto wao kimya kimya, na sokoni akinamama waliendelea kumwitikia salamu huku wakiangalia nyanya zao.

Kati ya walioondolewa alikuwemo Kanyere, msichana wa miaka kumi na miwili, aliyelelewa na bibi yake, Anne-Marie Kahongya, ambaye mtaani wote wanamwita Koko, yaani bibi. Kanyere ndiye aliyekuwa akiwahi kila asubuhi kufuta ubao. Kwa kuwa hakuwa tena na darasa la kwenda, bibi alimchukua kwenda kung'oa mihogo kwenye shamba walilolikimbia, kilomita kumi na nane kaskazini ya mji. Walikusudia kulala siku nne. Siku ya tatu wenye silaha walifika. Koko alikuwa bondeni, anachota maji.

"Nilikuwa namusikia," anasema Koko. "Alikuwa anahesabu mihogo na Kingereza. Mimi sijue Kingereza, mais nilijua ni kuhesabu. Kisha akanyamaza."

Sikumuuliza zaidi. Kuna maswali ambayo hata mwandishi wa habari anapaswa kuyameza.

Julie habari hiyo aliipata akiwa mbele ya watoto wake kumi na mmoja. Alimaliza somo. Siku zile alikonda, kisha malaria ikamwangusha. Direktere alipobisha siku mbili bila jibu alisukuma mlango ule uliofungwa, akakuta mwanamke anayetetemeka juu ya mkeka, sufuria moja, na kikapu cha muhogo mkavu. Hakukuwa na mchele wa askari wala kopo la nyama. Direktere alisimama pale na kuona haya, kwa sababu yeye pia alikuwa ameanza kuamini.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu, wote, Salomon alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza alichokiona. Watoto walirudi mmoja mmoja hadi wakafika ishirini na saba. Wengine waligoma. Ndipo Paulin akasema yaishe: watu wakae, mwalimu abaki au aende.

Wakati tukingoja, Julie ananawa mikono kwenye beseni. Weusi wa betri haukubali kutoka.

"Kama ningekula yale maharagwe," anasema, "Kanyere angekuwa hapa."

Nilijaribu kumwambia kwamba aliyeua ni mwenye bunduki. Alinikubalia, akaendelea kusugua. Wenye bunduki watajibu yao siku yao ikifika, alisema, naye atajibu yake.

Saa tatu wazazi wanafika, kama arobaini hivi. Paulin anaanza. Kusema haki, hakumwonea. Anasema hajui ndugu yake yuko wapi, na hawezi kusema ni mwalimu aliyemtaja, wala hawezi kusema siye. Swali lake ni moja: kwa nini alikataa ya kwao?

Julie anasimama na kujibu kwa Kinande. Anasema alikosea. Anasema aliona njaa ya watoto, hakuona heshima ya wazazi wao. Kisha anawasimulia kaburi la Mutwanga, na kitenge alichopewa na yule mwanamke, ambacho yeye hakukikataa. Anakaa. Mzee mmoja anakohoa.

Hapo ndipo Koko Anne-Marie anapoingia, amechelewa, na sufuria ndogo kichwani. Watu wanampisha. Wengi wanadhani amekuja kulaani, na kusema kweli mimi pia nilidhani hivyo. Anaitua mezani chini ya ubao mbichi, anaifunua, ni maharagwe, anaweka kijiko cha mti.

"Haina chumvi," anasema. "Chumvi imepanda bei. Kula, tukuone."

Julie anakula. Anakula amesimama, mbele ya watu arobaini, kijiko baada ya kijiko, machozi yanamshuka hadi kidevuni na hayapangusi. Koko anasimama karibu yake na kumtazama mdomo. Hakuna anayetoka. Inachukua muda mrefu, maana maharagwe yale yalikuwa ya kumtosha mtu na mjukuu wake.

Sufuria inapobaki tupu, Koko anawageukia wazazi.

"Sasa ni wa kwetu," anasema. "Kama iko na kosa, tutamugombeza sisi benyewe."

Kura haikupigwa. Paulin anavua kofia, anaitazama, anaivaa tena. Anasema Jumatatu atamleta mtoto wake, na mtoto wa ndugu yake pia.

Nje, nilimuuliza Koko kama amemsamehe mwalimu. Aliniangalia kana kwamba nimeuliza bei ya ndege.

"Kusamehe, sijue bado," alisema. "Mais hawa batoto bengine, bakae wapi? Kwa shamba?"

Mipango ya Julie haiendi mbali. Kila Jumamosi atakula kwanza, mbele ya wote, na chumba chake hakitafungwa tena wakati wa chakula. Anataka kufika mwezi wa sita na watoto wasiopungua arobaini, ikiwa barabara zitaruhusu na ikiwa wanaozungumza amani huko mbali watakubaliana. Na Pasaka atavuka Kasindi kwenda kwao, ambako ziwa la chumvi la Katwe haliko mbali. Zamani, kabla mpaka haujachorwa, Wakonzo walikuwa wakileta chumvi hiyo huku na kurudi na maharagwe. Yeye ataleta ya kubebeka kichwani, alisema, kwa ajili ya sufuria ya Jumamosi.

Koko alikuwa bado amesimama pale uani, akisikiliza. Aliinua ile sufuria yake ndogo, akampa mwalimu. Julie alitaka kuiosha amrudishie papo hapo, lakini mama mzee aliusukuma mkono wake. Huku kwetu chombo cha mtu aliyekulisha hakirudi kitupu.

"Uende nayo," alimwambia. "Utaniletea chumvi ndani."