Fundi wa TV na Mbuzi wa Mzee Leonidas

Fundi wa TV wa Murusagamba hunawa mikono kabla ya kushika kioo, kama anayekwenda kupokea mtoto mchanga. Huilaza TV bapa kifudifudi juu ya blanketi, hufungua skrubu huku akiimba puani wimbo wa kwaya, na kila akikuta taa iliyoungua huiambia "pole" kwa sauti ya chini.

Siku Mzee Leonidas na mkewe Marsiana walipoleta TV yao mpya ikiwa na ufa, mzee aliharakisha kusema, "Ni mbuzi aliyeipiga pembe." Moyoni aliona aibu. Miaka kumi na miwili alikuwa akiiamsha TV yao ya zamani, ya chogo, kwa kofi, na hii nayo ilipoganda aliizaba kofi lile lile. Fundi alipitisha kidole kwenye ufa, juu kabisa, ambako mbuzi hafiki.

"Mbuzi wa siku hizi," alisema bila kucheka. "Kioo hiki hakitengenezeki, mama. Ninayo nyingine niliyoifufua, nitawafungia ukutani asiifikie."

Marsiana alipotoka, fundi alichukua rimoti, akaiweka kwenye kiganja cha kulia cha mzee, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja.

"Ikigoma, mzee, bonyeza hapa."