Zamu Yangu ya Kufa

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la tano, nikauza viazi vya Mweiga hadi nikanunua kamera, na leo studio yangu inajulikana Nyeri nzima. Kwa hivyo watu walipotaka picha zao za zamani zihifadhiwe kwenye kompyuta, walikuja kwangu. Wangeenda wapi?

Tulikuwa watunzaji watatu: mimi, mwuza vitambaa mwenye duka karibu na msikiti, na mwalimu mstaafu wa Wamagana. Mpango ulikuwa wa mwalimu. Kila picha ikae kwenye kompyuta zote tatu, nzima, bila kufuli, ifunguke hata kwa mjukuu ambaye hajazaliwa. Na kila mwaka kila mmoja wetu "afe" siku moja: kompyuta yake izimwe, tuone kama wengine wataendelea bila yeye.

Lakini mtu wa studio hatoi negativu, ile filamu inayosafishiwa picha. Mteja hupewa picha, negativu inabaki, ndiyo sababu atarudi. Hivyo ndivyo nilivyojenga nyumba. Basi wenzangu niliwapa picha ndogondogo, zile kubwa nikazifungia kwangu.

Zamu yangu ya kwanza ikafika. Mwalimu alizima kompyuta yangu kwa mkono wake.

"Pole kwa msiba," akaniambia. "Twende Wamagana turithi."

Kwake alifungua picha ya marehemu mume wake. Karatasi yenyewe ililiwa na mchwa, na nyingine hana. Akaukuza uso. Ukawa viraka vya kijivu.

"Macho yake yako wapi?"

"Yako kwangu, Mwalimu. Salama kabisa."

"Kwako wapi? Si wewe umekufa?"

Mwuza vitambaa akakuza picha nyingine. Viraka vilevile.

Tukarudi mjini. Diski yangu ilikuwa kuukuu, haijazimwa miaka mingi. Nilipoiwasha ikalia kama kuku anayedonoa bati: ta, ta, ta. Nikajaribu tena. Ta, ta, ta. Mwalimu alisimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

"Ati salama," akasema.

Siku nne fundi wa Nairobi alikaa na diski hiyo. Siku nne mwalimu hakunipigia simu. Ya tano, fundi akasema zimepatikana. Nikazinakili zote, kubwa, bila kufuli, kwenye diski tatu mpya, na ya kwanza nikaipeleka Wamagana mwenyewe. Mwalimu aliukuza uso wa mumewe hadi macho yakajaa kioo. Alipomaliza kuyatazama akaniuliza nadai ngapi.

Nikamwambia hakuna. Fundi, diski na nauli vilinigharimu shilingi elfu arobaini na moja, mia sita na hamsini.