Nilimaliza samaki wa mwaka mpya wa Wachina, nikajua nimekula bahati ya boss wangu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijahadithiwa na mtu, na anayenifahamu huku Marekani naomba anyamaze tu.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Kigoma. Kwenye 2015 hivi nilikuwa Louisville, South End, napika kwenye mgahawa wa Mchina mmoja. Mke wangu na binti yetu mdogo walipelekwa Columbus, jimbo jingine, kwa shangazi wa mke wangu, kwa sababu faili zetu za ukimbizi zilikuwa tofauti.

Najua mtauliza kwa nini nisihamie huko. Kukaa ukweni bila kazi? Wanaume mnajua wenyewe.

Sasa boss alikuwa anafungua mgahawa wa pili, na ulikuwa huko huko Columbus. Akaniahidi kwamba jiko la huko nitalishika mimi. Nikamwambia mke wangu, akaanza kutafuta nyumba. Yaani ndoa yangu yote ilikuwa inategemea neno la yule mzee.

Ikafika mwaka mpya wao, boss akanialika nyumbani kwake. Mlangoni wamebandika karatasi nyekundu zenye maandishi ya dhahabu, mezani machungwa. Akawa ananieleza: machungwa ni utajiri, tambi ndefu ni maisha marefu. Mimi naitikia tu, naogopa hata kushika vile vijiti.

Mwishoni akaja samaki mzima, kichwa wakakielekeza kwangu. Kila mtu akachukua kipande kidogo, kisha wakaacha.

Nikajisemea, hawa wananiachia mimi mgeni. Kwetu ukibakiza kitu ulichowekewa kwa heshima, mwenyeji anaumia moyo. Basi nikashuka naye, wakuu. Nikala ubavu, nikamgeuza, nikanyonya kichwa mpaka macho.

Mke wa boss akaitazama ile miiba, akaondoa sahani. Bibi, mama yake boss, ambaye Kiingereza hajui, alinikazia macho muda wote. Nikadhani wamefurahi.

Kesho yake nikampigia Deo, rafiki yangu Mkongomani aliyehamia Cheektowaga, kule Buffalo. Anafanya kazi warehouse na Wachina. Nilimsimulia kwa majivuno kabisa, nikashangaa hacheki.

"Ile samaki watu hawaimalizake," akasema. "Wanaiachaka ya kesho, juu mwaka yote wabakie na kitu. Donc weye ulimaliza mpaka kichwa?"

Nikakaa chini.

Kumbe wana msemo kabisa, kila mwaka kuwe na ziada, na samaki ndiye alama yake. Mimi nimelamba ziada ya familia nzima.

Wakuu, mimi ni mlokole, siamini bahati ya samaki. Lakini usingizi ulinihama. Wiki hiyo boss hakutaja Columbus hata mara moja. Baadaye nikasikia wakaguzi wamekataa umeme wa lile jengo jipya la Columbus. Halafu mke wa boss akamleta binamu yake jikoni, akaniambia nimfundishe kazi zote.

Zote! Hapo nikajua ndiye anayepelekwa Columbus. Mke wangu akipiga kuuliza tunahamia lini, namwambia network mbaya. Nilifunga, nikaomba, nikakemea, na bado nikimwona boss natamani kujificha kwenye freezer ya kuku.

Mwisho nikasema liwalo na liwe. Nikamfuata akiwa anakata vitunguu, nikamwomba radhi kwa yule samaki, nikamwambia sikujua. Kama kazi ya Columbus amempa binamu aniambie leo, niache kumdanganya mke wangu.

Akaweka kisu chini. Akasema umeme ni nyaya mbovu, samaki hahusiki. Ila ni kweli mkewe alikasirika, na alitaka binamu ndiye aende Columbus badala yangu.

"Mama yangu alikataa," akasema. "Alisema mtu anayekula samaki namna ile ameijua njaa. Asiwekwe mbali na mtoto wake."

Akanieleza kwamba bibi alipokuwa mdogo kwao kulipita njaa kubwa, na wadogo zake hawakupona. Binamu alikuwa anajifunza ili ashike nafasi yangu Louisville. Basi, mimi huku nakondeana.

Nililia, wakuu. Bahati nzuri palikuwa na vitunguu, hakuna aliyegundua.

Nilichojifunza ni kwamba ukialikwa kwa watu, uliza kabla hujala. Na ukihisi umekosea nenda ukaseme mapema, usikae unajitafuna ndani kwa ndani kama mimi. Na wale tunaodhani hawatuelewi, wengine wanatuelewa bila hata lugha.

Mlio ughaibuni, nani mwingine ameshakula kisicholiwa mezani kwa watu? Mwageni tujifunze. Nitawajibu baadaye kidogo, binti yangu ananiita. Siku niliyofika Columbus aliniita uncle. Sasa hivi anaita daddy.