Makala Niliyoandika Kuhusu Geti

Miaka mingi pale mpakani Busia, sisi walemavu wa baiskeli za magurudumu matatu hatukupekuliwa. Askari aliona miguu yetu, akainua mti wa geti, tukapita na sabuni na mafuta ya kupikia tuliyowabebea wafanyabiashara. Ndiyo ilikuwa kazi yetu. Mwanamke mmoja wa Kirewa, upande wa Uganda, aliyenizidi umri, ndiye aliyenifundisha: namna ya kupanga mzigo chini ya kiti, namna ya kutazama chini ukifika kwa askari. Nilipokosa chakula alinigawia chake.

Kutazama chini kulinishinda. Mimi nina hasira za karibu, na huruma ya mtu asiyenijua hunichoma kuliko tusi. Basi nilipoanza kuandika, na kusimama mikutanoni kudai haki za watu wenye ulemavu, nikatoa makala: sisi ni wafanyakazi, tupekuliwe kama wengine, mizigo yetu ilipiwe ushuru kama ya wengine. Ilisomwa redioni. Nilivimba kichwa, nasema kweli.

Haikupita wiki askari wakaanza kutupekua. Wafanyabiashara wakaona hatuna faida tena, wakawapa mizigo watu wa pikipiki. Yule dada aliyenifundisha akabaki na baiskeli tupu na wajukuu watatu. Asubuhi moja alikuja hadi mlangoni kwangu, hakushuka.

"Mdogo wangu, hiyo maneno yako ni ya haki. Lakini haki hapana shibisha watoto. Andika ingine. Sema sisi iko maskini, watuhurumie."

"Dada, siwezi kuandika hivyo."

"Sasa hawa wajukuu nakula nini?"

Niliona aibu, na bado sikuandika.

Mwezi uliopita tulivuka pamoja, yeye mbele na sabuni chache za kuuza mwenyewe, mimi nyuma na madumu mawili ya mafuta chini ya kiti, maana kuandika hakunilishi. Sabuni zake walizimwaga zote mezani. Zamu yangu ilipofika, askari alinitambua, akacheka.

"Mwandishi wetu. Wewe nakwenda tu, mama."

Akainua mti.

Nilipaswa kusema, nipekue. Maneno yote niliyajua, niliyaandika mwenyewe. Dada alikuwa anaokota sabuni zake, akaacha, akanitazama.

Nikatazama chini, kama alivyonifundisha, nikapita.