Umeshapiga Kura?

Siku ya uchaguzi wa jimbo niliamka kukiwa bado giza, nikachemsha chai ya tangawizi, nikaimimina kwenye chupa na kuchukua kigoda changu cha plastiki. Binti yangu, aliyezaliwa hapa Sydney, anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alichungulia kutoka chumbani kwake.

"Mum, it opens at eight. There's no queue."

"Foleni ipo," nikamwambia. "Mimi ndiye foleni."

Nilikuwa na sababu. Mara ya mwisho nilipokwenda kupiga kura nyumbani, nilisimama tangu alfajiri mpaka jua likawa kali. Nilipofika mezani, karani akaweka rula chini ya jina langu na kusema, "Dada, wewe umeshapiga kura." Nikamwonyesha vidole vyangu vyote, havina hata tone la wino. Akaniambia nisicheleweshe watu. Jioni mbunge yule yule akatangazwa mshindi, na sina shaka kura yangu ilimsaidia. Hasira ile nilipanda nayo ndege. Siku nilipokula kiapo cha uraia huku, wenzangu walipiga picha na bendera. Mimi nilikuwa nawaza kura tu.

Pale Toongabbie, mtaani kwetu, nilikuta geti la shule tunayopigia kura limefungwa. Mzee mmoja wa kamati ya wazazi alikuwa anashusha jiko la gesi la kuchomea soseji, maana huku uchaguzi bila soseji ndani ya mkate haujakamilika. Akanitazama, akatazama kigoda.

"Unamsubiri mtu?"

"Nasubiri kupiga kura."

Hakucheka, Mungu ambariki. Alinipa kisu, nikamkatia vitunguu mpaka geti likafunguliwa.

Niliingia wa kwanza. Mkobani nilikuwa na pasipoti, cheti cha uraia, leseni na bili ya umeme. Nilikuwa pia na kalamu yangu ya wino ya kazini, kwa sababu nilisikia huku watu hupiga kura kwa penseli. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Karani, msichana mpole, aliniuliza jina na ninapoishi. Nikamwaga makaratasi yote mezani. Akanirudishia, akasema hayahitajiki. Kisha akauliza:

"Umeshapiga kura katika uchaguzi huu?"

Damu ikanichemka.

"Sijapiga!" Ukumbi mzima ulinisikia. "Na kama kuna mtu amenipigia, leo hatutoki humu!"

Msichana wa watu alishtuka. Akanieleza taratibu kwamba kila mtu huulizwa swali hilo, ni utaratibu.

"Na nikisema sijapiga?"

"Basi hujapiga."

Nikamwomba arudie. Akarudia, kisha akanipa karatasi zangu za kura. Nililia pale pale mbele yake, na vitunguu havikuhusika.

Nilimchagua mgombea binafsi, mama wa mtaani kwetu aliyetaka mabasi ya asubuhi kwa sisi tunaofanya kazi za zamu. Hakuna aliyedhani angeshinda, naye mwenyewe nadhani hakudhani. Huku unayemtaka humwandikia namba moja; nikaiandika mbele ya jina lake, nikaikoleza kwa wino.

Jioni binti yangu alikaa kwenye kochi na simu, akifuatilia matokeo. Mama wa mabasi alikuwa wa mwisho kabisa.

"Mum, you lost. Like, badly." Alininyooshea simu nijionee, kisha akanitazama usoni. "Why are you smiling?"

Nilikuwa natabasamu kweli, wala sikujua.

"Kule nyumbani kura yangu ilishinda bila mimi," nikamwambia. "Hii imeshindwa, na mimi nilikuwepo."

Binti yangu aliweka simu chini. Kisha akainuka, akachukua kigoda pale mlangoni ili akirudishe stoo.

"Kiache hapo hapo," nikamwambia.